Vita vya kambi au kila mtu kivyake?

Kwenye gemu za mtandaoni za kuigiza wahusika, vita vya kambi, ambako wachezaji wamegawanywa pande, vinakupa adui anayejulikana. World of Warcraft ya 2004 ina kambi mbili, Alliance na Horde, basi. Dark Age of Camelot ya 2001 iliweka falme tatu, na kwangu huo ndio mpangilio bora: mmoja akizidi nguvu, wawili waliobaki wanaweza kumgeukia.

Kila mtu kivyake ni habari nyingine kabisa. Katika Ultima Online ya 1997, ukitoka tu nje ya mji wenye walinzi, yeyote aliweza kukuua na kukupora. Malalamiko yalikuwa mengi, hadi mwaka 2000 ikaongezwa Trammel, sehemu ya ulimwengu wa gemu ambako huwezi kumshambulia asiyeridhia. Albion Online bado inaushikilia ukali huo: kwenye kanda nyekundu na nyeusi, ukifa, mzigo wako ni wa atakayeuwahi.

Sasa uko Dar, unacheza kwa simu ndani ya daladala la Mbagala. Mtandao unakata, au bando linaisha katikati ya pambano. Kwenye gemu ya kambi yenye kanuni kama za World of Warcraft, utakufa, utafufuka, na silaha zako utazikuta. Kwenye kanda nyeusi ya Albion, jasho la wiki nzima limeondoka. Kwa anayeanza, nasema kambi bila kusita.

Ila urafiki wa kweli nimeuona kule kwenye hatari. Kambi unapewa na gemu. Chama, yaani kundi la wachezaji wenzako, unakitafuta mwenyewe, na anayekusindikiza na mzigo wako angeweza kukuua akauchukua.