Sanduku la dharura la safari za nje: la kubaki nalo, la kutupa na la kuongeza

Masanduku ya huduma ya kwanza yanayouzwa tayari kwa wapanda milima, wakimbiaji wa masafa marefu na watu wanaofanya kazi juani yanafanana mno. Ukifungua zipu unakuta plasta za saizi mbalimbali, bendeji mbili nyembamba, mkasi, glavu, kibano, vitambaa vya spiriti, pakiti moja ya barafu ya papo kwa papo, blanketi la foili, pampu ya kufyonza sumu ya nyoka na kijitabu. Kwa michubuko na malengelenge, linatosha. Lakini maandishi ya juu yake yanaahidi kukukinga na jua, baridi, nyoka na radi, na hapo ahadi imezidi uwezo. Vitu vinavyookoa uhai katika dharura hizo ama havimo kabisa, ama vimo kwa udogo usiosaidia. Mfuko wenyewe huwa imara na hauingizi maji. Nunua kwa ajili ya mfuko, kisha ubadilishe nusu ya vilivyomo.

Chukua kiharusi cha joto. Mtu anayefanya kazi nzito au kukimbia juani, joto lake la ndani likapita nyuzi 40 na akili ikaanza kuvurugika (anaropoka, anayumba, anagomba bila sababu, anazimia), ana muda mfupi sana. Ubongo, ini, figo na misuli huharibika kadiri mwili unavyokaa juu ya kiwango hicho, ndiyo maana wataalamu wanasisitiza kumpoza palepale kwanza na kumsafirisha baadaye, lengo likiwa kushuka hadi karibu na nyuzi 39 ndani ya dakika 30. Sasa pima pakiti ya barafu ya sandukuni kwa kipimo hicho. Mwili wa kilo 70 unapaswa kupoteza takriban kilojuli 245 ili ushuke nyuzi moja tu. Pakiti yenye gramu 100 za amonia naitreti (chumvi inayoleta ubaridi ikikutana na maji) hufyonza kama kilojuli 32 chumvi ile ikiyeyuka yote, na sehemu kubwa ya ubaridi huo hupotelea hewani. Kilo moja ya barafu ya kawaida hufyonza kilojuli 334 kwa kuyeyuka tu. Pakiti hiyo ni ya kifundo kilichoteguka. Ukilazimika kuitumia kwa mtu aliyezidiwa na joto, zinatakiwa kadhaa, na majaribio yameonyesha kuwa kwenye viganja, nyayo na mashavu zinapoza vizuri kuliko shingoni, makwapani na kinenani.

Kinachofanya kazi ni turubai jepesi la kama mita mbili kwa mbili na nusu, ambalo hatujaliona katika sanduku lolote la aina hii. Mlaze mgonjwa katikati, watu wanne wainue kingo, mimina lita 80 hadi 150 za maji yenye barafu, kisha mtikise turubai ili maji yazunguke. Maji yakitulia, tabaka lililogusa ngozi hupata joto na upoaji unapungua. Mmoja ashike kichwa kisizame. Kuzamishwa katika maji ya barafu kunashusha joto kwa takriban nyuzi 0.15 hadi 0.2 kila dakika, yaani dakika 10 hadi 15 mara nyingi zinatosha. Barafu ikikosekana, maji ya kawaida mengi pamoja na kumpepea kwa nguvu bado ni bora mara nyingi kuliko kitambaa chenye unyevunyevu kwenye paji la uso. Acha akifikia nyuzi 39, la sivyo atapitiliza upande wa pili.

Kipimajoto kinachowekwa humo ni cha kwapani au cha kuelekezea paji la uso. Vyote viwili hudanganya mtu akiwa amelowa jasho au amepigwa na upepo, na kosa lake ni la hatari kwa sababu husoma chini ya ukweli. Kipimo cha kuaminika nje ya hospitali ni cha puruni (njia ya haja kubwa), kwa kipimajoto laini kinachopinda. Kama hakipo, usisubiri namba: mtu wa moto aliyechanganyikiwa baada ya kazi nzito apozwe. Vidonge vya parasetamoli vilivyomo havisaidii hapa, kwani si homa iliyoamriwa na ubongo. Ni joto lililoshindwa kutoka.

Pakiti za ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini) ni kitu kizuri, ila huwa moja tu. Ongeza nne, na uandike juu yake kwa wino usiofutika kiasi cha maji kilichotajwa na mtengenezaji, kwa kawaida lita moja. Tatizo la kawaida ni kukoroga pakiti nzima katika chupa ya nusu lita, na chumvi inazidi. Lipo pia tatizo la upande wa pili, ambalo vijitabu hulisahau: mkimbiaji aliyekunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi, kichwa kinamuuma, anatapika, vidole vimevimba, kisha anachanganyikiwa. Sodiamu yake imeshuka. Kumwongezea maji kunaweza kumuua.

Pampu ya kufyonza sumu itupwe. Tunasema hivyo bila kusita. Jaribio la mwaka 2004 lilitumia sumu bandia iliyotiwa alama ya mionzi chini ya ngozi ya watu waliojitolea, na pampu ya aina hii ikatoa majimaji yenye damu lakini karibu hakuna sumu. Meno ya nyoka huipeleka sumu ndani, inasambaa upesi, na mvuto wa juu ya ngozi hauifikii; unachofanya ni kujeruhi nyama iliyokwisha kuumia. Ubaya mwingine ni wa muda: mtu anakaa dakika 20 akipiga pampu wakati alitakiwa kuwa njiani kwenda hospitali.

Nafasi yake ichukuliwe na bendeji za kunyumbuka zenye upana wa sentimita 10 hadi 15, tatu kwa mguu mmoja. Zile mbili za sandukuni ni nyembamba na hazifiki hata gotini. Hizi pana ni za nyoka ambao sumu yao hupoozesha mishipa ya fahamu na kusimamisha pumzi, kama fira wengi wasiotema na koboko na jamii yake. Funga kwanza juu ya alama ya meno, kisha anzia vidoleni uende juu hadi kinenani, ukaze kama unavyofunga kifundo kilichoteguka, halafu ufunge kijiti ili kiungo kisisogee. Mgonjwa asitembee. Wengi hulegeza mno, na bendeji ikilegea haifanyi chochote. Zipo zilizochapwa mistatili inayogeuka miraba ukivuta kwa nguvu inayofaa, na hizo zinastahili bei yake. Kwa nyoka wa jamii ya kifutu, ambao sumu yao huozesha nyama, usikandamize: tuliza kiungo, vua pete na saa kabla uvimbe haujaanza, andika saa aliyoumwa, ondokeni. Aliyetemewa machoni na fira asafishwe kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi. Usichanje, usifunge kamba, usiweke barafu. Dawa ya kukinza sumu si kitu cha sandukuni, kwa sababu yenyewe inaweza kuamsha mzio mkali unaohitaji adrenalini na watu wanaojua kuitumia.

Blanketi la foili libaki, ila lieleweke. Linarudisha joto linalotoka mwilini kwa mnururisho na kuzuia upepo na unyevu. Halizuii joto linalonyonywa na ardhi, na hilo ndilo kubwa mgonjwa akiwa amelala chini. Kwa hiyo anza chini: godoro la povu au chochote kikavu na kinene, kisha begi la kulalia, mgonjwa ndani akiwa amevuliwa nguo zilizolowa (zikate, usimkunjekunje), na foili ikafunge kila kitu. Pakiti za kemikali za kutoa joto ziwekwe kifuani na makwapani juu ya kitambaa, kamwe si juu ya ngozi tupu, maana ngozi iliyopoa huungua bila mtu kuhisi. Aliyepoa sana hadi ameacha kutetemeka abebwe amelala, taratibu, kwa kuwa moyo wenye baridi unaweza kupoteza mpigo wake kwa mtikisiko tu. Mapigo yatafutwe kwa dakika nzima kabla ya kusema hayapo, na hata yasipopatikana asikatiwe tamaa: mwaka 1999 nchini Norway, daktari Anna Bågenholm alinasa chini ya barafu, joto lake likashuka hadi nyuzi 13.7, na akapona. Vidole vilivyoganda havisuguliwi. Viloweshwe katika maji ya nyuzi 37 hadi 39, na hilo lifanywe tu ikiwa havitaganda tena njiani.

Kwa ugonjwa wa mwinuko (mwili kuzidiwa na hewa nyembamba ya milimani) sanduku halina kitu na pengine ni afadhali, kwani tiba ya kweli ni kushuka. Vidonge vinavyosaidia hutolewa na daktari.

Kitu kidogo kinachodharauliwa ni barakoa ya kupulizia pumzi. Katika masanduku ya bei ya chini ni karatasi ya plastiki inayoteleza usoni. Ibadilishe na ile ngumu yenye vali ya njia moja. Radi ikipiga watu kadhaa, anayeonekana amekufa ndiye wa kwanza kuhudumiwa, kinyume cha ajali nyingine, kwa sababu moyo mara nyingi huanza tena wenyewe huku pumzi ikiwa bado imesimama, na bila hewa moyo husimama mara ya pili. Anayelia kwa maumivu anaweza kusubiri. Aliyezama majini pia anahitaji hewa kwanza: pumzi tano, ndipo kifua kikandamizwe. Usimbonyeze tumbo kutoa maji.

Anayejulikana kuwa na mzio mkali wa nyuki abebe kalamu zake mbili za adrenalini (sindano za kujidunga), kwa kuwa dozi moja wakati mwingine haitoshi na ya pili hutolewa baada ya dakika 5 hadi 15. Dozi ya kawaida ni miligramu 0.3 kwa mtu mzima na 0.15 kwa mtoto mdogo, kwenye paja upande wa nje, hata juu ya nguo. Isiachwe ndani ya gari juani wala isigandishwe. Dawa ikionekana ya kahawia kupitia dirisha la kalamu, ibadilishwe.

Kijitabu kitoe. Vingine bado vinashauri kukata alama ya meno ya nyoka. Weka badala yake karatasi moja iliyofunikwa plastiki: upande mmoja hatua za joto, nyoka na radi, upande wa pili namba ya simu ya hospitali iliyothibitishwa kuwa na dawa ya kukinza sumu kwa nyoka wa eneo mnalokwenda, njia ya kufika huko, na muda unaotumika kufika usiku.