Kilti yenye mifuko: tathmini yangu baada ya harusi 11

Napiga picha za harusi Uskoti. Kuanzia Mei hadi Septemba, karibu kila Jumamosi niko mahali kati ya Glasgow na Oban na kamera mbili mabegani, na mabwana harusi wengi ninaowapiga huvaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti. Baadhi yao huniomba na mimi nivae, nifanane na wageni wao. Ndiyo maana ninazo mbili: moja ya sufu iliyoshonwa kwa mkono, na nyingine ya pamba nzito, nyeusi, yenye mifuko 5, niliyoinunua Aprili kwa pauni 85 kwenye duka moja la Edinburgh. Hiyo ya pili ndiyo ninayoitathmini hapa. Lile swali ambalo Waskoti hubishana juu yake, eti kilti iwe na mifuko au isiwe nayo, mimi nimelibeba kiunoni msimu mzima.

Kwa asiyeijua, kilti ya kawaida haina hata mfuko mmoja. Mbele kuna aproni mbili bapa zinazopishana, ubavuni na nyuma ni marinda. Yangu ya sufu ina marinda 27, imekula yadi 8 za kitambaa, na nilipoiweka kwenye mizani ya jikoni ilisoma kilo 1.9. Hufungwa juu, usawa wa kitovu, kwa mikanda ya ngozi yenye bizimu, upindo ukaishia katikati ya goti. Vitu vyako hukaa kwenye sporani, ule mkoba unaoning'inia mbele kwa mnyororo.

Kwa mgeni wa harusi sporani inatosha kabisa. Inameza simu, funguo na pochi nyembamba, na ukienda kucheza unaisogeza ubavuni. Lakini mimi kazi yangu ni kupiga magoti. Nikishuka kumpiga mtoto aliyebeba pete, sporani hutangulia kugusa nyasi, na nyasi za Uskoti ni mbichi hata Julai. Mnyororo nao husugua sufu mgongoni. Yangu tayari ina mstari uliokwanguka. Betri 4 za akiba na kadi za kumbukumbu hazipati pa kukaa.

Sasa hii ya pamba. Ina mifuko miwili mikubwa kwenye nyonga, yenye vifuniko vya kubana kwa kifungo cha chuma. Ina miwili ya kutumbukiza mikono, na mmoja nyuma ambao sijawahi kuutumia. Siku ya kwanza nilipanga hivi: betri zilizojaa kulia, zilizokwisha kushoto. Baada ya harusi mbili mkono ulikuwa umeshajua njia bila jicho. Kule Luss, ufukweni mwa Loch Lomond, bibi harusi alitoka kanisani akashika njia ya gati huku manyunyu yameanza, na betri ikaniishia hapo hapo. Niliibadilisha nikitembea kinyumenyume mbele yake, bila kuinama kwenye begi. Picha ile, ameshika viatu mkononi na ziwa la kijivu nyuma yake, ndiyo waliyoichagua kuitundika ukutani. Nisingeipata nikiwa na sporani, nasema hivyo bila kusita. Halafu kuna upepo: kusubiri saa nzima kwenye gati na mikono iko ndani ya mfuko ni raha ambayo anayevaa sufu haipati. Inafuliwa kwa mashine, asubuhi imekauka.

Mambo yalibadilika jioni, dansi za keili, ngoma za asili za Kiskoti, zilipoanza. Mama wa bwana harusi alinishika mkono akanivuta kwenye Strip the Willow, ile ya kushikana mikono na kuzunguka, ukipokewa na huyu na kuachiwa yule hadi mwisho wa mstari. Betri zilianza kunipiga pajani kila mzunguko. Kiuno kikashuka, nikawa napandisha kwa mkono mmoja na kucheza kwa mwingine. Baadaye nikaangalia picha ambazo msaidizi wangu alizipiga kutoka jukwaani. Wanaume 9 kwenye fremu moja, marinda yao yamefunguka na kuinuka, rangi zilizofichwa ndani ya mikunjo zimetokeza. Yangu ilikuwa imesimama wima kama ubao. Iliniuma, kwa sababu ninaipenda kilti hasa kwa namna inavyotembea, na hapo nilikuwa nimevaa kitu kisichotembea.

Kwenye harusi ya 7 mshono wa mfuko wa kulia ulichanika. Duka lilijibu barua pepe yangu baada ya wiki tatu, likasema mfuko "haukukusudiwa vitu vizito". Mfuko wenye kifuniko na kifungo cha chuma! Niliushona mwenyewe.

Nikaipeleka ile ya sufu kwa fundi aliyeishona, mama mmoja wa Glasgow mwenye zaidi ya miaka 30 katika kazi hii, nikamwomba aitie mifuko miwili ya pembeni. Hakukataa. Alinivalisha, akachukua funguo zake, akazibana kwa pini ndani ya rinda moja, akaniambia, "Geuka, mwanangu, halafu tazama kioo." Nikageuka. Marinda yote yakayumba na kurudi. Moja likabaki limening'inia, na majirani zake wawili wakaegemea upande wake. Akanionyesha kwa kidole jinsi marinda yanavyoshonwa kuanzia kiunoni hadi nyonga, kisha yanaachwa huru hadi chini, na jinsi mistari ya tartani, kile kitambaa cha miraba ya rangi, inavyopangwa ili ikutane rinda kwa rinda. Uzito ukikaa kwenye ngozi ya sporani, kitambaa hakiusikii. Ukikaa ndani ya kitambaa, kila kitu alichokipanga kwa sindano kinavurugika. Nilikuwa nimeiona sporani kama fidia ya kukosa mifuko. Kumbe mfuko uliondolewa makusudi kwenye kitambaa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema mfuko ni kuivunjia heshima kilti ya mababu. Kilti ya kale, féileadh mòr, ilikuwa kipande kimoja kirefu kilichofungwa kwa mkanda, nusu ya juu ikitupwa begani au kuachwa ianguke kiunoni, na katika mikunjo ile ya juu mtu aliweka vitu vyake. Kwa Kiswahili tunalo neno lake hasa: kibindo. Karne ya 18 nusu ya juu ikaachwa, vibindo vikaenda nayo, sporani ikabaki peke yake. Halafu sheria ya 1746 ikapiga marufuku vazi lenyewe hadi 1782, na lilipofika 1822 Mfalme George IV akalivaa Edinburgh kama vazi la fahari. Vazi lililopita kote huko haliwezi kuuawa na mfuko. Seattle, Marekani, kampuni ya Utilikilts ilianza kuuza kilti za mifuko mwaka 2000, na mafundi wa umeme na seremala wanazivaa kazini. Wana haki yao. Zile ni nguo za kazi, na kwa kazi ni nzuri.

Kwa hiyo hii niliyoinunua naipa nyota 3 kati ya 5. Ingekuwa 4 kama wangeshona mifuko kwa uzi wa maana na kuisogeza mbele, kando ya aproni, ambako hakuna rinda la kuvurugwa. Ule wa nyuma wauondoe, unakalia marinda na haumsaidii mtu. Ukiwa unapiga picha, unapanga viti au unaendesha gari la vyakula, inunue. Ukialikwa kucheza, usiivae.

Ile ya sufu fundi aliitia mfuko mmoja tu, nami nadhani kila kilti ingepaswa kuwa nao. Uko ndani ya bitana, nyuma ya mkanda wa kiuno, mdomo umetazama juu, upana wa kadi ya benki na kidole kimoja zaidi. Alinitoza pauni 20. Ninaufikia kwa vidole viwili chini ya kizibao, na nje hauonekani. Nilimuuliza kama watu wengi humwomba. Akasema wanaomwomba zaidi ni mabwana harusi, kwa ajili ya pete.

Jumamosi ijayo nina harusi Oban. Nitavaa sufu. Betri nimezihamishia kwenye mkanda wa kamera, na tiketi ya treni ya kutoka stesheni ya Queen Street, Glasgow, tayari iko ndani ya bitana.