TAHADHARI: Anakufungulia belo zuri kwenye video, anakutumia matambara

Jamani, nimeshindwa kunyamaza. Kuna mwanamke anauza mitumba ya nyumbani mtandaoni, mapazia, mashuka, vitambaa vya meza, lesi na mahameli. Ameniibia shilingi laki sita na nusu mchana kweupe. Nasema ameniibia, asije mtu hapa akaniambia "biashara ina changamoto". Jina la ukurasa wake siliandiki kwa sababu polisi wameniambia niache kwanza, na hata nikiliandika leo, kesho atakuwa na jingine, maana ameshalibadilisha. Kwa hiyo naeleza mchezo wenyewe, muutambue hata akija kwa jina la malaika.

Nilikuwa natafuta mapazia ya nyumba ya bibi yangu kule Lushoto. Kuta za mawe, madirisha ya mbao yenye kizingiti kipana mtu unakaa hapo unashona, na lile jiko la kuotea moto ukutani. Baridi ya Juni na Julai kule haina mchezo. Mapazia mapya ya dukani, yale membamba yanayong'aa, upepo unayapeperusha kama karatasi na wala hayaipendezi nyumba kama ile. Nilitaka mapazia ya mtumba kutoka Ulaya, mazito, yenye bitana, yaliyofuliwa mpaka yakalainika. Yatakayobaki niyakate viraka, nishone blanketi na foronya za mito, na vile vipande vya mwisho kabisa nivisuke zulia la vitambaa kama bibi alivyokuwa akisuka kwa kanga zilizochakaa. Anayeshona anajua, pazia moja la namna hiyo likifumuliwa linakupa vitambaa viwili, cha nje na bitana, na bitana yenyewe mara nyingi ni pamba safi.

Sasa ukienda kuchagua moja moja kwenye masoko ya mitumba, pale Karume Dar, au Memorial kule Moshi, leo unapata zuri la kijani, mwezi ujao unapata zuri jekundu, na chumba kimoja kina madirisha mawili. Ndiyo maana wanaoshona tunaungana kununua belo zima, lile furushi la mitumba lililobanwa na kufungwa mikanda, la kilo 45, na kugawana. Wenzangu wa kikundi waliochangia wanajijua. Hela zenu nitawarudishia, nimeshawaambia kwa mdomo na hapa naandika.

Kabla hamjaniuliza kwa nini nilimwamini mtu wa mtandaoni, nijibuni ninyi. Wifi yangu alishanunua mashuka kwake, yakaja mazuri, yamepigwa pasi, juu yake kaweka na kikaratasi cha kushukuru. Anaweka picha za nyumba za wateja, mito imepangwa, vitambaa vya kroshia viko juu ya makochi, watu wanamsifia chini. Halafu kazi anaijua! Nilimuuliza habari ya mahameli, nikamwambia naogopa kuyaharibu nikiyapiga pasi. Akanijibu palepale, "Usiguse upande wa manyoya dada'angu, geuza, weka kitambaa cha unyevu, pasi ipite kwa mbali, mvuke ndio ufanye kazi." Ni kweli tupu, hata fundi wangu alisema hivyo hivyo. Nikamuuliza mapazia yake ni ya pete au ya utepe wa vibanio, akaniambia ya Uingereza mengi huja na utepe, ukitaka ya pete ukate juu utoboe upya, lakini utapoteza urefu. Mtu anayeongea hivyo utamwitaje tapeli? Mimi nilimwona mwanamke mwenzangu anayependa ninachokipenda.

Akanipigia simu ya video asubuhi, niko jikoni na mikono ina unga. Nikaona yuko stoo kwake Dar, nyuma yake mabelo yamepangana mpaka juu. Kuna kijana ana kisu. Akasema, "Dada, sitaki uje useme nimekuuzia mbuzi kwenye gunia. Hili hapa ni lako, halijaguswa, linafunguliwa mbele ya macho yako." Kijana akakata mkanda. Akavuta pazia la kwanza. Jamani lile pazia! Kitani rangi ya maziwa, na kwenye pindo vimedariziwa vimaua vidogo vya bluu, vimefuatana, kila ua lina kitovu cha njano. Akaligeuza upande wa nyuma, akasogeza simu mpaka nikaona nyuzi, na ilikuwa kazi ya mkono, nyuma kuna vifundo. Nikapiga kelele pale jikoni, mtoto akaja mbio. Akatoa lesi. Akatoa mahameli ya kijani, ile kijani ya majani ya chai, akalipitisha kiganja manyoya yakabadilika rangi. Mimi tayari namwona bibi yuko dirishani.

Nikamwambia sawa, natuma nusu, nusu nyingine mzigo ukifika. Akatulia kidogo, kisha akacheka kwa upole, si kwa dharau. "Dada'angu, nimeshalikata mkanda kwa ajili yako. Belo lililofunguliwa silirudishi dukani, hakuna atakayelichukua kwa bei ya belo. Nimekufanyia wema usije ukaniachia mzigo." Mnasikia hayo maneno? Mimi ndiye ninayetoa hela, halafu ananifanya nijione namdhulumu! Akaongeza kwamba kuna mama wa Arusha ameshatuma nusu kwa belo hilohilo, ila yeye amenipenda mimi. Basi la asubuhi linakaribia kuondoka, kijana anasubiri na mkokoteni. Kila dakika ananiita mpenzi, dada, bosi wangu. Nikatuma zote. Baada ya hapo akanitumia na rekodi ya ufunguzi, eti niweke kumbukumbu, na picha ya risiti ya mzigo. Na kweli belo lilikuja, risiti ilikuwa ya kweli, mzigo ulipanda kupitia Mombo, pale njia ya Lushoto inapoanzia, kama kawaida. Mtu mwenye nia ya kukimbia na hela hatumi mzigo, ndivyo yeyote angefikiri.

Tukalifungulia barazani. Fundi alikuwa amekuja na cherehani yake kichwani kabisa, wenzangu wa kikundi wapo, majirani wapo, watoto wamejaa. Kiroba cha salfeti kimeshonwa vizuri. Nikafumua. Juu kabisa pazia la vimaua vya bluu. Lilelile! Watu wakapiga vigelegele. Nikalinyanyua kutafuta pacha wake, maana mapazia yanakuja mawili. Hakuna pacha. Chini yake kulikuwa na taulo zilizokatwa nusu. Chini ya taulo, mashuka yaliyokwisha katikati mpaka unaona mkono wako upande wa pili. Fulana za matangazo. Foronya zenye madoa ambayo siyataji. Nikafika katikati mkono ukaingia kwenye maji. Walilowesha, jamani, walilowesha ili mizani isome 45, na safari yote ile ya joto mpaka Mombo vitambaa vimeota kuvu, harufu ikatoka hapo barazani watoto wakaziba pua. Yaliyokuwa mapazia kweli yalikuwa yameungua na jua, yale yaliyokaa dirishani miaka, ukilishika kwa vidole viwili linapasuka lenyewe. Vibanio vimeota kutu na kutu imekula kitambaa.

Mahameli ya kijani nayo yalikuwemo. Kipande cha upana wa mtandio, kimeshikizwa kwa sindano juu ya blanketi bovu ili ukilivuta kwenye kamera lionekane pazia zima. Kuna mtu alikaa chini, akatunga uzi, akashona ule uongo. Hapo ndipo machozi yalinitoka. Fundi alinyamaza, akakunja kitambaa chake cha kufutia cherehani, akaniuliza kama naweza kumpa nauli ya kurudi. Aibu niliyoipata pale mbele za watu siwezi kuieleza.

Nikampigia. Akapokea! Akasema, "Dada, mitumba ni bahati, leo unapata kesho unakosa." Kisha akanifungia namba. Niwaambie tofauti, kwa sababu na hapa kuna watu wataandika hilohilo. Ukinunua belo lililofungwa, hujaliona ndani, mitumba ni bahati kweli na kila mfanyabiashara wa pale Ilala anajua. Anaweza kufungua akalia, na hamlaumu mtu. Lakini huyu alinionyesha vitu, nikalipia vitu nilivyovionyeshwa, akanitumia vingine. Hapo bahati inaingiaje?

Nimepiga 100 kwa mtandao wa simu saa ileile, hela ilikuwa imeshatolewa kwa wakala. Namba yake nimeituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu. Nimekwenda polisi, nina RB, yaani namba ya kumbukumbu ya kesi yangu. Nataka afungwe. Kujipatia mali kwa udanganyifu kuna kifungu chake, cha 302 kwenye Kanuni ya Adhabu, hadi miaka 7 jela, na nataka aitumikie yote, yeye na yule kijana mwenye kisu na huyo mwanamume mwenye laini iliyopokea hela. Msiniambie nimsamehe ana watoto. Hata mimi nina watoto, na wenzangu waliochanga wana watoto, na kuna mmoja kati yetu anayeishi kwa kushona mito ya viraka na kuiuza, yule mnamjua hali yake. Mtu anayekaa chini kushonea mahameli kwenye blanketi bovu hajakosea, amekusudia. Akitoka huko arudishe hela na anunue cherehani kwa kila mama aliyemliza.

Mlioniuliza inboksi mtamtambuaje, nasema ninayoyakumbuka. Kwanza jina. Wakati wa kuthibitisha malipo lilitokea jina la mwanamume, nikamuuliza, akasema ni mdogo wake, laini yake yeye imefika kikomo cha siku. Mwenye duka mwambieni atoe lipa namba ya duka, jina la duka lionekane, hana basi.

Halafu belo lenyewe. Hili nimeonyeshwa na mzee mmoja anayeuza mabelo miaka mingi, nilimpelekea ile rekodi. Belo la kiwandani linabanwa na mashine, nguo zinalala bapa kama matofali, na mikanda imekaza mpaka imezama. Ukikata mkanda linafutuka, linajaa, linakumwagikia. Kwenye ile video kijana anakata mkanda na belo limelala tu, halijapumua. Maana yake lilifungwa kwa mkono jana yake. Na mkanda una fundo! Mkanda wa mashine hauna fundo, unabanwa kwa kibano au unaunganishwa kwa moto. Mzee aliangalia sekunde chache tu, akasema hili limechezewa.

Na akikufungulia kwenye video, mwambie aandike jina lako na tarehe kwenye karatasi, aitumbukize ndani, afungie hapohapo simu haijakatwa, mzigo usitoke kwenye kamera. Wangu alikata simu "wakafunge". Afadhali zaidi kama una ndugu Dar, aende akalishike kwa mikono yake, achimbe mpaka katikati, hela ilipwe palepale. Na wanaokukimbiza na basi linaloondoka, basi la kesho lipo.

Nimejua hatuko peke yetu. Kuna mama wa Tanga ametumiwa mashuka yaleyale yenye madoa, na dada mwingine wa Morogoro alionyeshwa pazia la vimaua vya bluu, lile langu, maua yaleyale na kitovu cha njano, yeye hakulipia kwa sababu mumewe alikataa. Kumbe lina pacha wake, na pacha anaendelea kutembea kwenye video.

Basi, kama umewahi kuonyeshwa kitani rangi ya maziwa chenye pindo la maua ya bluu, au umetuma hela kwa jina la mwanamume kwa ajili ya belo la mapazia, nitumie inboksi ujumbe wa malipo, picha za mzigo, na video kama unayo. Usifute chochote hata kama una hasira. Nitakupa namba ya RB, uende kituo cha polisi cha kwenu ukaandikishe na wewe, askari amesema malalamiko yakiwa mengi kwa namba moja kazi yao inakuwa nyepesi. Mlioko Dar mnaojua stoo yake iko wapi, msimwendee wenyewe. Niambieni mimi.