Kaa wa Bauer amenifikia kama ametoka kwenye sufuria

Nimeisubiri nakala hii ya mchoro wiki kadhaa, nimelipa na pesa ya kusafirisha juu yake, na nilipoifungua nusura nilie. Kaa wa mchoraji Ferdinand Bauer, yule wa kuogelea mwenye magando ya buluu, amekuja zambarau iliyochujuka, na miguu imeingia wekundu kama ya kaa aliyechemshwa.

Nikapiga simu dukani. Kijana wa huduma kwa wateja akasema, "Dada, rangi hutofautiana kidogo na ya kwenye skrini." Nikamwambia hii si kidogo, kaa huyu ni wa buluu. "Sasa dada, si kaa ni kaa tu?" Akakata simu sijamaliza kusema.

Hapo ndipo aliponichoma. Bauer alizunguka Australia na nahodha Matthew Flinders kwenye meli ya Investigator, 1801 hadi 1803, meli inaoza mbao wakiwa humo humo. Alijua mnyama akishakufa rangi inamtoka. Basi alichora kwa penseli, na kila sehemu ya mwili akaiandikia namba ya rangi yake, kwa orodha ya namba zinazokaribia 1,000. Akaja kupaka rangi baadaye, amesharudi London, akiongozwa na zile namba. Buluu ya kaa mmoja imevuka bahari zote hizo kwa penseli, ikafika salama! Duka lenye kompyuta na mashine za kisasa limeshindwa kuifikisha mlangoni kwangu.

Na buluu ile naijua mimi. Nimekulia pwani, na ndugu wa karibu wa kaa huyu huingia kwenye nyavu zetu. Akitolewa majini mzima anang'aa. Mtie kwenye maji ya moto, dakika chache tu, mwekundu.

Nilikuwa nimeshaandika nyota moja. Lakini jana usiku nikaisogeza karatasi karibu na taa. Mistari imetoka safi ajabu: miiba ya ukingoni mwa gamba, mabaka moja moja mgongoni, na ile miguu ya nyuma iliyo bapa kama makasia, vinyweleo vyake pembeni unaweza kuvihesabu. Nimekaa nayo zaidi ya saa nzima. Basi, nyota tatu, haki ya mtu nimpe.

Halafu nikaangalia chini kabisa. Jina la Flinders lipo. Jina la meli lipo. La Bauer halipo. Hapana, mbili, na hata hizo mbili ni za Bauer mwenyewe.

Siirudishi, nimeshaipeleka kwa fundi fremu. Ukitaka kununua hapo, waambie kwanza wakupigie picha ya nakala yenyewe mchana, nje, uilinganishe na mchoro wa asili ulioko Makumbusho ya Historia Asilia ya London, ndipo utoe pesa. Nilipanga kuagiza na mchoro wa Bauer wa koala, mnyama wa Australia. Sasa sijui.