ThinkPad T480 ya mtumba: mashine nzuri, ila yajue makava yake kabla ya kutoa hela

ThinkPad T480 iliingia sokoni mwaka 2018, na hadi leo ndiyo kompyuta mpakato ya mtumba ninayoipendekeza kwa mtu anayetaka mashine atakayoitengeneza mwenyewe. Ina nafasi 2 za RAM, diski inayotoka kwa bisibisi, na betri 2, moja ndani na nyingine ya kuchomoa kwa nje. T490 iliyofuata mwaka 2019 iliiondoa betri ya nje, na RAM moja ikachomelewa kwenye ubao mama. Ukipata T480 yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, inakubali Windows 11 bila hila yoyote. Zipo chache zenye kizazi cha 7. Soma jina la prosesa kabla ya kukubaliana bei.

Udhaifu wake uko kwenye plastiki. Mashine nyingi zinazofika Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi zilitumika maofisini Ulaya na Marekani kwa miaka kadhaa, zikafunguliwa kwa haraka ili kubadilishwa diski, kisha zikapangwa moja juu ya nyingine ndani ya maboksi. Ubao mama huwa mzima, kioo kizima, lakini kava la chini lina ufa kwenye kona au vijino vyake vya kushikia vimekatika. Wauzaji wengi husema hilo ni jambo la sura tu. Mara nyingine ni kweli, mara nyingine si kweli, na tofauti inategemea ufa uko wapi.

Ufa ulio katikati ya kava la chini, mbali na skrubu na matundu ya hewa, hauna madhara makubwa. Ule wa upande wa kushoto, jirani na matundu 2 ya USB-C, ni habari nyingine. Matundu hayo ndiyo ya chaja, na yamechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama. Plastiki inayoyazunguka ikilegea, kila unapochomeka chaja nguvu yote inaishia kwenye risasi ya kuchomelea. Leo utaona chaja inakubali ukiiinamisha kidogo, baadaye haitakubali kabisa, na hapo gharama si ya kava tena. Ufa mbaya zaidi ni ule unaoanzia kwenye bawaba na kutambaa kuelekea pale unapolaza viganja. Huo unaonyesha mashine ilianguka au ilibebwa kwa kushika kioo.

Kuna aina moja ya ufa ambayo hairuhusiwi kuzibwa kabla ya uchunguzi. Ukiona kava limefura upande wa mbele, au padi ya kugusa ya kusogezea mshale (touchpad) haibonyei vizuri, shuku betri ya ndani. Inakaa upande huohuo wa mbele, na ikivimba inasukuma plastiki mpaka inapasuka. Zima mashine, toa betri hiyo bila kuikunja wala kuichokoa kwa chuma, kisha ndipo uangalie kava. Ukipaka gundi juu ya betri iliyovimba umeufungia moto ndani.

Vijino vingi hukatika kwa sababu moja: watu huanza kufungua upande wa mbele. Utaratibu sahihi si mgumu. Chomoa chaja, washa mashine, bonyeza F1 kuingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, nenda Config, kisha Power, chagua Disable Built-in Battery na ukubali. Mashine itajizima, na betri ya ndani haitafanya kazi tena mpaka uchomeke chaja. Chomoa betri ya nje. Legeza skrubu 6 za chini kwa bisibisi ya nyota inayokaa vizuri kichwani. Skrubu hizo hazitoki, zimeshikwa na kava lenyewe, kwa hiyo usizivute kwa koleo. Sasa anzia nyuma, pale ulipotoa betri, maana ukingo wa kava umeachwa wazi hapo. Ingiza kadi ya plastiki, ile iliyobeba laini ya simu inatosha, na uitembeze pembeni taratibu huku ukisikiliza kijino kimoja kimoja kikiachia. Upande wa mbele uwe wa mwisho. Bisibisi bapa usiitumie kabisa. Inang'ata ukingo na kuacha alama ambayo baadaye ndiyo inakuwa mwanzo wa ufa.

Kosa la pili ni kukaza skrubu kupita kiasi wakati wa kufunga. Skrubu ikigota, simama. Na mafundi wanaopaka dawa ya kukazia nyuzi za skrubu, ile ya magari, wanaiharibu mashine bila kujua: dawa hiyo imetengenezwa kwa ajili ya chuma kwa chuma, na plastiki kama ABS na polikaboneti huchanika nyufa ndogondogo zikiguswa nayo. Thina na petroli vilevile. Kwa kusafisha, tumia pombe ya isopropili peke yake.

Kabla ya kuchagua gundi, geuza kava uangalie upande wa ndani. Karibu kila kipande kina maandishi madogo yaliyochongwa kati ya alama mbili, kwa mfano >PC+ABS<. Hiyo ndiyo aina ya plastiki, PC ikiwa ni polikaboneti. Ukikuta ABS tupu, asetoni inaiyeyusha na kuiunganisha vizuri: saga vipande vya ABS ya aina ileile, viloweke kwenye asetoni mpaka viwe uji mzito, ujaze ufa. Ukikuta PC+ABS, asetoni italainisha sehemu ya ABS lakini polikaboneti itabaki na vijinyufa vyeupe, achana nayo. Ukikuta PA, yaani nailoni, au PPS, hasa ikifuatiwa na herufi GF za nyuzi za kioo, asetoni haifanyi lolote. Na ile dawa ya kufutia rangi ya kucha isikudanganye, mara nyingi ina mafuta ndani yake.

Supagluu ndiyo inayokimbiliwa na wengi na ndiyo inayorudisha mashine kwa fundi mara nyingi zaidi. Inashika kwa sekunde, lakini ikikauka inakuwa ngumu na kavu kama kioo, na kava la kompyuta linapindapinda kidogo kila unapoinyanyua. Ufa unafunguka tena palepale. Mvuke wake pia huacha ukungu mweupe juu ya plastiki nyeusi na juu ya kioo cha kamera, kwa hiyo usiipake kava likiwa bado kwenye mashine. Ukiinyunyizia soda ya kuokea inaganda mara moja na kuwa kama jiwe. Mchanganyiko huo unafaa kujenga kipembe kilichomeguka, haufai kuunga ufa mrefu.

Gundi ninayoiamini ni epoksi ya mirija miwili, kama Araldite, na ile ya kukauka polepole inashinda ile ya dakika 5. Kazi inakwenda hivi. Ondoa kava kabisa na ulisafishe. Tafuta ncha ya ufa kwa tochi, toboa hapo kitundu cha milimita 1 hadi 1.5, bila kitundu hicho ufa utaendelea kutembea hata chini ya gundi. Kwaruza upande wa ndani kwa msasa namba 180 au 240, upana wa sentimita 1 kila upande wa ufa, ukiwa umevaa barakoa kwa sababu vumbi la nyuzi za kioo si la kuvuta. Futa kwa isopropili, acha pakauke, na usipaguse tena kwa kidole. Changanya epoksi kiasi sawa kwa sawa kwa dakika nzima. Paka safu nyembamba, laza kipande cha kitambaa cha nyuzi za kioo kinachouzwa kwa watengeneza maboti na mabodi ya magari, kisha paka safu ya pili mpaka kitambaa kilowe. Bana kwa vibanio vya nguo juu ya karatasi ya nailoni na uache siku nzima.

Unene ndio unaowashinda wengi. Nafasi kati ya kava na ubao mama ni ndogo sana. Kabla ya kupaka, weka donge dogo la udongo wa kuchezea wa watoto ndani ya mfuko mwembamba wa nailoni, lilaze pale ufa ulipo, funga kava bila kukaza, kisha fungua na upime lilivyobanwa. Kiraka chako kiwe chembamba kuliko hapo. Kikizidi, kava litasimama juu, skrubu itakazwa kwa nguvu, na utapata ufa mpya. Wavu wa chuma watu hupenda kuutumia kwa sababu ni imara. Juu ya kava la chini sishauri, uzi mmoja ukichomoza unagusa ubao mama.

Nati ya shaba, ile inayopokea skrubu, ikichomoka pamoja na nguzo yake ya plastiki, isafishe nati hiyo, ikwaruze kwa nje, na uirudishe ndani ya epoksi ikiwa imefungiwa skrubu iliyopakwa vaselini ili gundi isiishike. Hakikisha skrubu imesimama wima kabla gundi haijaganda. Vijino vilivyokatika havina dawa. Vikiwa 2 au 3, skrubu 6 zinatosha kulishika kava. Vikiwa vingi upande mmoja, utepe mwembamba wa gundi pande mbili unaziba mwanya.

Hata hivyo, kwa kava la chini la T480 naona kununua jingine kuna maana kuliko kuziba ufa mrefu. Ni kipande rahisi kuliko vyote na kinabadilishwa kwa dakika chache. Tatizo ni kuuziwa lisilo lake. Angalia aina ya mashine kwenye lebo: T480 ni 20L5 au 20L6. T480s ni 20L7 au 20L8, na haingiliani nayo. Kava la T470 linafanana kwa mbali, lakini lina nafasi ya kituo cha kuegeshea kompyuta (docking station) upande wa chini ambayo T480 haina. Lenovo wameweka bure kitabu cha matengenezo chenye mchoro wa kila kipande, na namba za vipande unazitafuta kwenye tovuti yao kwa kutumia aina ya mashine. Mpe muuzaji namba, usimpe jina tu.

Fremu ya juu, ile ya kulazia viganja, ni hadithi tofauti kabisa. Kila kitu kimefungwa juu yake, hivyo kuibadilisha ni kuhamisha ubao mama, feni, betri, spika na kioo. Ipo yenye nafasi ya kisomaji cha alama ya kidole na isiyo nayo. Mashine yenye ufa hapo, hasa karibu na bawaba, iache dukani, isipokuwa bei imeshuka kiasi cha kulipia fremu na kazi ya fundi.

Ukibadilisha kava la chini, piga picha ya lebo ya lile la zamani kabla hujalitupa. Aina na namba ya mashine zimebandikwa hapo, na kava jipya la mtumba litakuja na lebo ya kompyuta ya mtu mwingine. Ing'oe, kisha uhakikishe namba yako halisi kwenye ukurasa wa kwanza wa BIOS.