Uzoefu wangu na ski nyepesi ya ncha mbili: inafaa mlima mzima, ila angalia uzito umekaa wapi

Ski ninazotumia, yaani mbao za kutelezea kwenye theluji, zina urefu wa sm 180, kiuno (upana wa katikati) cha mm 96, na kila moja ina uzito wa takriban gramu 1,700. Zimepinda juu mbele na nyuma, kwa hiyo unaweza kushuka kinyumenyume bila mkia kujichimbia kwenye theluji. Hewani zinazunguka haraka, na kwenye vichuguu vya theluji zinakusikiliza kabla hujamaliza kufikiri. Nazipenda kwelikweli. Lakini wepesi una gharama yake, na gramu zilizoandikwa kwenye karatasi ya bidhaa hazikuambii gharama hiyo utailipia wapi.

Kinachohisiwa mguuni ni mahali uzito ulipokaa. Ugumu wa kuzungusha kitu huongezeka kwa mraba wa umbali kutoka kitovu cha mzunguko: gramu 50 zilizo sm 80 mbele ya buti zinakuchosha sawa na gramu 200 zilizo sm 40. Ndiyo maana ski ya gramu 1,800 yenye ncha nyembamba huweza kuzunguka kwa urahisi kuliko ya gramu 1,650 yenye ncha pana na nene. Ukiwa dukani, ishike ski moja katikati, ilaze mlalo, kisha izungushe kwa kifundo cha mkono kushoto na kulia, uisimamishe ghafla. Ikiendelea kukuvuta baada ya kuisimamisha, ncha zake ni nzito, hata kama namba ya uzito inapendeza.

Halafu uliza wepesi umetoka kwenye nini. Paulonia ni mbao nyepesi sana, lakini ikiwa peke yake haishiki skrubu vizuri na hutetemeka kwenye theluji iliyokanyagwa ikaganda. Kiini ninachokiamini ni cha mpopla, au paulonia iliyochanganywa na mbao ngumu kama mwashi (mti uitwao ash kwa Kiingereza) chini ya buti. Nyuzi za kaboni hurudisha nguvu ya kurukia bila kuongeza uzito, ila zikizidi ski inakuwa na mrusho mkali, inakupiga badala ya kumeza pigo. Ski za aina hii kwa kawaida hazina tabaka la Titanal, ile aloi ya alumini inayotuliza mtetemo. Kwa hiyo usitarajie utulivu wa ski za mashindano. Kwenye barafu, kwa kasi kubwa, ncha zangu hupigapiga na inabidi nipunguze mwendo. Hiyo si kasoro ya kiwandani. Ndivyo ski nyepesi zilivyo.

Umbo linalofaa mlima mzima ni lile lenye mbinuko wa kawaida chini ya buti (ukiilaza sakafuni, katikati panainuka kidogo) na ncha zinazoanza kuinuka mapema kabla ya mpindo wenyewe. Mbinuko wa katikati ndio unaoshikisha makali (vyuma vya ukingoni) na kukurusha unapobonyeza mkia. Ski iliyonyooka kabisa katikati ni tamu kwenye reli (vyuma virefu vya kutelezea juu yake kwa michezo), lakini asubuhi yenye theluji ngumu utaichukia. Ijaribu kwa mkono pia: simamisha mkia sakafuni, weka kiganja katikati, vuta ncha kwako. Ncha ipinde kwa kulegea, kisha ugumu uongezeke hatua kwa hatua kuelekea buti. Ukihisi inapinda mahali pamoja kama bawaba, iache, maana hapo ndipo itakapokuangusha ukitua ukiwa umeegemea mbele.

Kuhusu upana sina mengi. Mm 90 hadi 100 hutosha kwa mtu anayetaka ski moja tu. Urefu uwe kati ya pua na utosi. Kwa kuwa ncha zilizoinuka hazigusi theluji, ski hizi huhisika fupi kuliko namba yake inavyosema.

Mahali pa kufungia baindingi (vishikizo vya buti) ndipo wengi wanapoharibu ski nzuri. Vuta futi ya utepe iliyonyooka kutoka ncha hadi mkia, gawanya kwa mbili: hapo ndipo sifuri. Ski za kawaida za mlimani hufungwa sm 9 hadi 12 nyuma ya sifuri, na hizi za ncha mbili mara nyingi sm 2 hadi 6. Mimi nimefunga sm 4 nyuma, na alama ya katikati ya soli ya buti ndiyo inayokaa hapo. Ukisogea mbele zaidi, mizunguko na kutua kinyumenyume vinakuwa rahisi, lakini kwenye theluji laini ncha inazama. Ukirudi nyuma, ncha inaelea na kasi inatulia, ila mkia unaobaki ni mfupi na kutua kinyumenyume kunakuwa kwa wasiwasi. Sm 1 tu inahisika, kwa hiyo amua kabla ya kutoboa, kwa sababu matundu mapya yanapaswa kuwa angalau mm 10 kutoka ya zamani.

Kwa kiini cha mbao kisicho na chuma, kekee ya drili huwa ya mm 3.5 yenye kina cha mm 9. Yenye tabaka la chuma huhitaji mm 4.1. Weka tone la gundi ya mbao kwenye kila tundu kabla ya skrubu, hasa ili maji yasiingie. Breki iwe pana kama kiuno au izidi kwa mm 15 tu. Ikizidi zaidi itakwaruza theluji unapoegemea makali. Buti ikiachia ovyo unapotua, usikimbilie kupandisha namba ya DIN (kipimo cha nguvu inayohitajika ili baindingi iachie buti). Mwambie fundi akague kwanza msukumo wa mbele wa kipande cha kisigino cha baindingi, kwa kuwa ukiwa mdogo buti hutoka hata namba ikiwa sahihi.

Sasa makali. Kama utapanda reli, tafuta makali yenye unene wa karibu mm 2.5. Watengenezaji wengine hupunguza gramu hapohapo, na matokeo yanaonekana chini ya buti: ufa mwembamba kama unywele unaokatiza chuma. Ufa mmoja wa namna hiyo si msiba. Chuma kimepigwa na kukatika, lakini bado kimeshikwa mahali pake. Upitishie kidole. Kama hakuna kilichoinuka, sugua kwa jiwe la almasi uendelee. Kama kipande kimechomoza hata kidogo, kirudishe, jaza epoksi, ibane kwa jiliwa kwa saa 24, la sivyo maji yataingia, yataganda, na kubandua tabaka zima kutoka ndani.

Mimi hunoa kwa pembe ya nyuzi 1 upande wa chini na nyuzi 2 pembeni, kisha hutoa ukali kwenye ncha na mikia pale inapoanza kuinuka, ili zisinase ninapozungusha. Chini ya buti sitoi ukali, kwa sababu hapo ndipo barafu inaposhikwa. Anayeishi kwenye reli atafanya kinyume, na atapoteza mshiko huo.

Kwa anayechanganya kuruka, vichuguu, misitu na theluji laini isiyozidi magoti, ningezinunua tena. Kwa anayependa kukata kona ndefu kwa kasi kubwa siku nzima, au mwenye mwili mzito anayetua kwa kishindo, gramu 200 zaidi kwa kila ski na kiini chenye mwashi mwingi vitamfaa kuliko hizi.