Sanduku la kufuli tatu: mwaka wangu kwenye kikundi cha akiba, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda

Mimi ni mama wa Bukavu, watoto wanne, na jirani Mrundi ndiye aliyenivuta kikundini. Tuko 25, tunakutana kila Jumatano chini ya mwembe. Sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Anayelilaza nyumbani kwake hana hata mmoja. Hisa ni shilingi 2,000, mwisho tano kwa wiki. Kila hisa inagongwa muhuri kitabuni, hivyo hata bibi asiyejua kusoma anajihesabia mihuri yake.

Mwezi wa nne nilikopa 150,000 sandukuni: unga, mafuta, jiko la mkaa. Mandazi yakaanza. Riba ya asilimia 5 kwa mwezi inauma, sikatai, ila benki moja ya mjini ilinirudisha mlangoni nilipoonyesha karatasi zangu za ukimbizi.

Kinachoniudhi ni faini (ukichelewa dakika kumi tu, 500!), na muhula ukikaribia wote wanataka mkopo wa ada, sanduku linabaki tupu.

Desemba tuligawana akiba na riba, nikapata 410,000. Ada ya mkubwa nimeshalipa.